Dira, Ramani na Mateka Watatu

Tarehe 24 Januari mwaka 1943, Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokuwa ingali ikipiganwa, Waitalia watatu walitoroka katika kambi ya mateka namba 354 iliyokuwa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Hawakutoroka ili wapate kwenda kwao. Kwao kulikuwa mbali mno, na nchi zote zilizowazunguka zilikuwa mikononi mwa adui zao. Walitoroka ili wapande mlima, kisha warudi kambini kwa miguu yao wenyewe. Mmoja wao, Felice Benuzzi, ambaye kabla ya kutekwa alikuwa mtumishi wa serikali ya Italia katika Ethiopia, alikuwa ameutazama mlima ule siku nyingi kupitia seng'enge za kambi, hata moyo wake ukashindwa kutulia. Wenzake walikuwa Giovanni Balletto, daktari aliyekuwa na ujuzi wa milima, na Vincenzo Barsotti, ambaye hakuwa mpanda milima hata kidogo.

Walijitayarisha kwa siri kwa muda mrefu. Kamba zao walizipata katika katani ya vitanda walivyolalia. Nyundo walizigeuza kuwa mashoka ya kukatia barafu, na mabati yaliyotupwa wakayafanya meno ya kufunga chini ya viatu ili wasiteleze. Chakula walikidunduliza kidogo kidogo katika posho yao. Mikono yenye akili haishindwi na mengi. Lakini kiko kitu kimoja ambacho mikono yao haikuweza kukitengeneza, nacho ni ramani. Ramani ya mlima hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni picha ndogo ya Mlima Kenya iliyochapishwa katika karatasi ya mkebe wa nyama, na picha ile iliuonyesha mlima kwa upande mwingine, usioonekana kutoka kambini.

Nakuomba, msomaji, usiicheke karatasi ile upesi. Jiulize kwanza: picha ya mlima na ramani ya mlima zina tofauti gani? Picha huonyesha kile kinachoonwa na jicho moja, likiwa limesimama mahali pamoja, saa moja ya mchana. Nyuma ya ukingo wa jabali picha haijui lolote. Ramani huonyesha jambo ambalo hakuna mtu aliyesimama juu ya ardhi awezaye kuliona, yaani pande zote za mlima kwa mara moja, na umbali wa kutoka jambo hili hadi jambo lile. Mtu mwenye picha anajua mlima unafanana na nini. Mwenye ramani anajua mlima uko wapi, na yeye mwenyewe yuko wapi.

Ujuzi huo haukupatikana kwa siku moja, na nusu yake ilitoka baharini. Mwaka 1088 hivi, mtaalamu wa China aliyeitwa Shen Kuo aliandika kwamba sindano iliyosuguliwa kwa jiwe la sumaku huelekea kusini, ila haielekei kusini barabara, hupotoka kidogo. Wachina waliiita sindano hiyo kwa jina la kuonyesha kusini, na sisi leo twasema huonyesha kaskazini. Ni sindano ile ile, maana ina ncha mbili. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walipoipata waliigawa duara yake katika sehemu 32, na sehemu hizo wakazipa majina ya nyota kwa mahali zinapochomoza na zinapotua. Ndiyo sababu katika Kiswahili cha wazee wa pwani kaskazini huitwa Jaa, kwa jina la nyota isiyohama, na kusini huitwa Suheli, na mashariki Matlai. Sasa fikiri, msomaji: nahodha aliyetoka Arabuni akifuata pepo za kaskazi aliiona Jaa ikishuka usiku baada ya usiku, hata alipoukaribia mstari wa ikweta ikazama chini ya upeo wa bahari. Nyota nyingine zilibaki, ila zilitembea. Na usiku wa mawingu hata hizo hazikuwako. Sindano ilibaki pale pale ndani ya kisanduku chake.

Kutoka baharini dira ilishuka nchi kavu pamoja na wapima ardhi na majeshi. Kwa muda mrefu ilikuwa chombo cha maofisa, si cha mtu wa kawaida anayetembea kwa furaha yake. Mabadiliko yalitoka katika nchi za misitu na theluji. Tarehe 31 Oktoba mwaka 1897, karibu na mji ambao sasa ni Oslo huko Norway, yalifanyika mashindano ya wazi ya kutafuta njia kwa ramani na dira. Mwaka 1919, karibu na Stockholm, ofisa mmoja Mswidi aitwaye Ernst Killander, ambaye pia alikuwa kiongozi wa maskauti, aliyafanya mashindano ya namna hiyo kuwa mchezo wa vijana, kwa kuwa alisikitika kuona vijana wanaiacha michezo ya mbio. Kisha katika miaka ya 1930 huko huko Sweden kikatengenezwa chombo ambacho hata leo kinauzwa madukani: dira iliyowekwa juu ya kibao kiangavu chenye mistari, pamoja na kipimio cha pembe, na sindano yake inaogelea katika maji maalumu ili itulie upesi. Kabla ya hapo mtu alihitaji dira, kipimio cha pembe na rula, na meza ya kuviweka juu yake. Sasa mkono mmoja ulitosha.

Matumizi yake nitakueleza kwa maneno machache, maana ni rahisi kuliko yanavyosikika. Weka ukingo wa kibao juu ya ramani, kutoka mahali ulipo hadi mahali unapokwenda. Zungusha duara ya dira mpaka mistari iliyo ndani yake iwe sambamba na mistari ya ramani iendayo kaskazini. Kisha ondoa dira juu ya ramani, ishike mbele ya kifua, na ujigeuze mwenyewe, mwili mzima, mpaka ncha nyekundu ya sindano ilale mahali pake palipochorwa. Uso wako sasa umeelekea unakotaka kwenda. Usitembee huku ukiikodolea sindano macho, kwani utajikwaa. Chagua mti au jiwe lililo mbele katika mstari ule, nenda mpaka hapo, kisha chagua jingine.

Liko jambo ambalo Shen Kuo aliliona zamani na ambalo wanafunzi wengi hulisahau: kaskazini ya sindano si kaskazini ya ramani. Katika nchi yetu tofauti yake ni ndogo, lakini katika sehemu za kaskazini ya Kanada ni kubwa sana, na asiyeihesabu huko atapotea akiwa na dira nzuri mkononi. Hata kosa dogo lina gharama. Ukikosea digrii moja tu, baada ya kilomita moja utakuwa umepotoka mita 17 hivi. Ukikosea digrii tano kwa mwendo wa kilomita kumi, utafika mbali na shabaha yako kwa mita zaidi ya 850. Katika ukungu hizo zatosha kuikosa nyumba, daraja au kambi.

Kwa hiyo wajuzi wa kazi hii hawajidanganyi kwamba hawatakosea. Hutumia hila moja ambayo mimi huipenda kuliko zote. Mtu akitaka kufika kwenye daraja la mto, halielekei daraja lenyewe. Huelekea upande mmoja wake kwa makusudi, tuseme upande wa kushoto. Akiufikia mto hana haja ya kujiuliza daraja liko wapi. Anajua liko kulia kwake, naye hufuata ukingo mpaka alione. Aliyelenga daraja lenyewe akalikosa hajui ageuke wapi.

Mimi nililipata somo langu nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu. Tulikuwa vijana wanane tukitembea katika nyika ya juu ya Nyandarua, ukungu ukatufunika ghafla hata mtu wa mbele hakumwona wa nyuma. Mimi ndiye niliyekuwa na dira, nami nilijivuna kwa hilo. Tulitembea nusu saa tukielekea mashariki, au ndivyo nilivyowaambia wenzangu. Tukafika kwenye kijito. Mwenzetu mmoja, msichana mpole ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, alifunua ramani akasema, "Mwenzetu, kijito hiki kwenye ramani kinatiririka kwenda kushoto kwetu. Hiki hapa kinakwenda kulia." Nilimjibu kwa ukali kwamba dira haisemi uongo. Akauliza tena, kwa upole ule ule, kwa nini nilikuwa nimebana panga kwapani huku nimeishika dira chini yake. Nililiweka panga chini, nikarudi nyuma hatua kumi, nikatazama tena. Sindano iligeuka kama mtu aliyeitwa jina lake. Nusu saa nzima nilikuwa nimewaongoza watu saba kwa kufuata chuma cha panga langu. Siku hizi nawaonya wanafunzi wangu kuhusu simu zao pia, maana ndani yake mna sumaku, na dira haibagui.

Turudi sasa kwa mateka wetu. Mlima wao haukuwa mgeni kwa wanajiografia. Ludwig Krapf aliuona kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba mwaka 1849, alipokuwa mgeni wa mzee Kivoi, na huko Ulaya wakubwa wa elimu walikataa kusadiki kwamba pana theluji karibu na ikweta. Wenyeji waliouona kila siku hawakuulizwa. Mwaka 1899 Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia kutoka Uingereza (nafurahi kwamba alikuwa mwalimu), alifika juu kabisa, kwenye kilele cha Batian chenye mita 5,199, pamoja na viongozi wawili wa milima, César Ollier na Joseph Brocherel. Walipitia upande wa kusini-mashariki. Njia yao ilikuwa imekwisha kuelezwa vitabuni zaidi ya miaka arubaini kabla ya Benuzzi kutoroka, lakini vitabu hivyo havikuwamo kambini.

Benuzzi na wenzake waliufuata mto Nanyuki kwenda juu, na hapo walifanya jambo la hekima, maana mto ni kiongozi asiyehitaji sindano. Aushikaye hawezi kupotea kushoto wala kulia. Ila mto huishia chini ya majabali. Walipofika huko Barsotti alikuwa mgonjwa, akabaki hemani. Tarehe 4 Februari Benuzzi na Balletto waliujaribu ukingo wa kaskazini-magharibi wa Batian, kwa kuwa ndio uliokuwa mbele ya macho yao. Ni upande mgumu sana. Tufani ya theluji iliwakuta katikati, nao wakarudi wakiwa hai kwa shida. Tarehe 6 Februari walipanda kilele cha Lenana chenye mita 4,985, wakasimamisha bendera ya nchi yao, wakaacha na chupa yenye majina yao. Kisha wakaanza kushuka.

Wako wanaosema kwamba kama wangekuwa na ramani safari ile isingekuwa na utamu. Mimi sikubaliani nao. Utamu wa hadithi ni wetu sisi tusomao karibu na moto. Chakula chao kilikuwa cha siku kumi hivi, na safari yao ilichukua kumi na saba. Siku zile za ziada walizilipa kwa njaa, kwa kupapasa msituni na kwa kupeleleza mabonde ambayo mwenye ramani angeyajua kwa kukaa kitako na kutazama. Ushujaa wao nausifu. Lakini siuoni kuwa ulihitaji ujinga ili ung'are. Walirudi kambini tarehe 10 Februari, wamekonda, wakahukumiwa kifungo cha peke yao cha siku 28. Mkuu wa kambi, Mwingereza, akakipunguza kikawa siku 7, kwa kuuheshimu mchezo waliouonyesha.

Ikiwa shule yako ina karatasi ya ramani ya Mlima Kenya yenye kipimo cha 1:50,000, iombe kwa mwalimu wako. Sentimita mbili za karatasi hiyo ni kilomita moja ya ardhi. Tafuta mji wa Nanyuki, uweke kidole juu ya mto, ukipandishe polepole. Utaona mistari ya kontua ikiukata mto kwa umbo la V, na ncha ya kila V imeelekea mlimani, mahali mto unapotoka. Kwanza mistari hiyo iko mbalimbali, nawe unatembea msituni bila taabu. Kisha inaanza kukaribiana. Endelea mpaka ibanane hata usiweze kuihesabu. Hapo ndipo waliposimama asubuhi ya tarehe 4 Februari. Sasa vusha kidole chako upande wa pili wa kilele, upande wa kusini-mashariki, uone kile ambacho wao hawakuweza kukiona.