Biki: kazi ya matundu mawili yenye wengi hawaangalie

Mashariki mwa Kongo, mwanafunzi akikosa kalamu, haombi kalamu. Anaambia mwenzake: «Unikopeshe biki.» Iwe Bukavu, Butembo, Bunia ao Kalemie, jina ni lile moja. Lakini wengi hawajui kama biki ni jina la mtu, na kama kile kintu kidogo cha bei ya chini kilifikiriwa sana mbele ya kufika sokoni. Sehemu yake moja inaweza hata kusaidia kuokoa maisha ya mtoto.

Ilitoka wapi?

Mtu wa kwanza kutengeneza kalamu ya namna hii ikafaulu alikuwa mwandishi wa habari. László Bíró, mzaliwa wa Budapest, Hungaria, alichoka na kalamu za wino za wakati ule: zilivuja, na maandishi yalichelewa kukauka. Aliona kama wino wa kuchapia magazeti unakauka haraka, ila ni mzito, haupiti mu kalamu ya kawaida. Akisaidiwa na ndugu yake György, mwenye kujua kemia, alitia kampira kadogo ka chuma kwenye ncha. Kampira kakizunguka juu ya karatasi, kanachukua wino ndani na kuupaka inje. Alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1938.

Zile kalamu za kwanza zilikuwa bei kali, na mingi zilivuja. Mfaransa Marcel Bich, mzaliwa wa Turin, Italia, njo alitengeneza ya watu wote. Yeye na mwenzake Édouard Buffard walikuwa na kiwanda kidogo kule Clichy, karibu na Paris. Alinunua haki ya kutumia uvumbuzi wa Bíró, akatumia mashini za Uswisi za watengeneza saa, zenye kukata chuma kwa kipimo kidogo sana. Mwezi wa 12 mwaka 1950, kalamu yake ilitoka. Aliipa jina lake mwenyewe, akaondoa tu herufi H ya mwisho: Bic.

Hata kwao haikupokelewa mara moja. Shule za Ufaransa ziliikataa kwa miaka mingi, zikisema inaharibu mwandiko. Ruhusa ilitoka mwaka 1965. Lakini mwaka 2006 kampuni ilikuwa imekwisha kuuza biki miliari 100.

Kila sehemu iko na sababu yake

Mwili wa biki uko na pande 6, sawa na kalamu ya mti. Ukiiweka juu ya meza haibingiriki, na vidole vinaishika vizuri. Plastiki yake inaonyesha wino, basi mwanafunzi anajua mbele ya mtihani kama itamufikisha mwisho.

Kampira ka kwenye ncha kako na upana wa karibu milimita 1. Tangu mwaka 1961 kanatengenezwa na tangsteni iliyochanganywa na kaboni, kitu kigumu sana chenye hakiliwi haraka na karatasi. Tangsteni inatoka mu jiwe la wolframite, lile lenye kuchimbwa pia Kivu na Maniema.

Kwenye ubavu kuko tundu la kwanza, dogo sana. Linaacha hewa iingie na kutoka. Wino ukishuka, hewa inachukua nafasi yake. Tena, mtu akitoka Uvira, kwenye mita karibu 800 juu ya bahari, akapanda Bukavu, karibu mita 1.500, hewa yenye ilifungwa ndani ingevimba na kusukuma wino inje. Lile tundu linazuia chemise isichafuke. Usilizibe na skochi.

Tundu la kifuniko

Tundu la pili liko kwenye ncha ya kifuniko. Watu wengi wanafikiri ni ya urembo. Hapana. Watoto, na hata wakubwa, wanapenda kutafuna kifuniko, na mara ingine kinateleza na kuingia mu njia ya pumuzi. Tangu mwaka 1991 Bic imetia tundu ili hewa kidogo iendelee kupita wakati mtu anatafutiwa musaada. Tundu halizuie mtoto kukabwa. Linamupatia dakika tu.

Kwa hiyo mzazi mwenye kununua biki sokoni, za alama yoyote, aangalie kwanza kifuniko. Kama kimezibwa juu, achague ingine. Na mtoto mudogo asipewe kifuniko kwa kucheza.

Mtoto akikabwa

Kama anakohoa kwa nguvu ao analia, mumuache akohoe. Musimutie kidole mu koo bila kuona kitu, kwani kinaweza kusukumwa mbali zaidi.

Kama hawezi kukohoa, kusema ao kupumua, na amepita mwaka 1: mumuinamishe mbele, mumupige mara 5 katikati ya mabega na kiganja. Kama kifuniko hakitoki, musimame nyuma yake, muweke ngumi juu ya kitovu, chini ya mbavu, na kuvuta kwa nguvu ndani na juu mara 5. Murudilie hivyo.

Mtoto wa chini ya mwaka 1 hasukumwi tumbo. Anawekwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, anapigwa mgongo mara 5. Kisha anageuzwa, anasukumwa katikati ya kifua na vidole 2, mara 5.

Akizimia, alazwe chini, mtu aanze kumusukuma kifua bila kuacha, wengine watafute muganga. Hata kifuniko kikitoka, mtoto apelekwe kituo cha afya. Vilevile mtoto mwenye alikuwa anatafuna kifuniko, kisha anaanza kukohoa siku na siku bila homa: muganga aambiwe juu ya kile kifuniko, kwani kinaweza kuwa kimebaki ndani.