Upatanifu wa RAM katika kompyuta mpya ya mezani

Upatanifu wa RAM ni hali ya vijiti vya kumbukumbu kukubaliana na ubaomama na prosesa. Vizazi vya RAM vya DDR4 na DDR5 vyote vina pini 288, ila pengo la ukingoni haliko mahali pamoja. Kijiti kikigoma kuingia, kisilazimishwe.

Skrini ikibaki nyeusi, subira kwanza. Ubaomama wenye soketi ya AM5 ya AMD, iliyotoka 2022, huweza kuchukua dakika kadhaa kuipima DDR5 mara ya kwanza.

Skrini isipowaka hata baada ya kusubiri, fundi huacha kijiti kimoja, kwa kawaida katika nafasi ya pili kutoka kwenye prosesa, kisha husasisha BIOS, yaani programu ya msingi ya ubaomama. Wakati wa kununua, vijiti viwili vikubwa vya pakiti moja ni salama kuliko vinne: prosesa za AMD za Ryzen 7000 zimeidhinishwa kufikia kasi ya 5200 MT/s kwa viwili, 3600 tu kwa vinne.