Bukoba: Mji Mdogo Uliolea Watu Wakuu

Mji wa Bukoba, ng'ambo ya Ziwa Viktoria kutoka Mwanza, ulianza mwaka 1890 kama kituo cha Wajerumani kilichowekwa na Emin Pasha. Lakini Injili haikuingia kwa mlango wa boma. Wamisionari wa Betheli walipofika mwaka 1910, waliwakuta Wahaya waliokwisha kuipokea kutoka Uganda. Kutoka nchi ya Wahaya walitokea Laurean Rugambwa, Kardinali wa kwanza Mwafrika (1960), na Askofu Josiah Kibira, Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani (1977–1984). Lakini tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, mamia walipotea. Hao nao ni historia yetu.