Picha Moja Haitoshi Kilwa

Mtu akivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, siku hizi kabla hata hajakanyaga mchanga huwa amekwisha kutoa simu yake ya mkononi na kuipiga picha ngome ya Gereza. Akifika Msikiti Mkuu anapata taabu. Akisimama karibu, anapata nguzo mbili na kipande cha kuba. Akirudi nyuma, anapata kuta za nje na ndani hakuonekani. Msikiti ule hauingii katika picha moja. Basi anapiga tano au sita, na akirudi nyumbani ana vipande asivyoweza kuwaeleza watoto wake kipi kinafuata kipi. Leo napenda tuzungumze juu ya kazi ya kuunganisha vipande vya namna hiyo. Kazi hiyo ina historia ndefu, na kwa magofu ya Kilwa ina maana kubwa kuliko kumbukumbu za matembezi.

Mwaka 1572, katika mji wa Cologne, Georg Braun na Frans Hogenberg walichapa kitabu cha miji ya dunia. Kilwa imo, katika ukurasa mmoja na Aden, Mombasa na Sofala. Wachapaji hao hawakuwahi kuuona mji wenyewe, na mnunuzi wa Ulaya hakuwa na picha ya pili ya kulinganisha. Alilazimika kuamini alichoonyeshwa.

Miaka karibu mia tatu baadaye, mwaka 1858, Mjerumani Albrecht Meydenbauer, msanifu wa majengo, alikuwa akipima kanisa kuu la Wetzlar. Nusura aanguke kutoka juu. Akajiuliza kwa nini mtu ahatarishe shingo yake, wakati kamera iliyosimama chini inaweza kufanya kazi ile ile. Mwaka 1885 serikali ya Prussia ikamfungulia taasisi ya kupima majengo ya kale kwa picha. Mwaka huo huo, Carl Peters alipewa hati ya Kaiser ya kujitwalia ardhi huku kwetu. Meydenbauer alishughulika zaidi na majengo ya kwao, na hakukosea: Vita Kuu ya Pili ilipobomoa majengo mengi ya Ujerumani, picha za taasisi yake zilisaidia kuyajenga upya.

Siri ya kazi hii si ngumu. Inua kidole mbele ya pua yako, fumba jicho moja, kisha fumba la pili. Kidole kinahama, ukuta ulio nyuma yake unabaki palepale. Kadiri kitu kilivyo karibu, ndivyo kinavyohama zaidi. Kamera nayo ni hivyo hivyo. Ukisimama mahali pamoja na kugeuka polepole, picha zako zitaungana vizuri kuwa mandhari moja pana. Ukitembea hatua tatu, nguzo iliyokuwa imeficha mlango sasa inauonyesha, na ukizibandika picha hizo bila hesabu, nguzo itakatika vipande. Lakini kuhama huko huko ndiko kunakomwezesha mpimaji kujua nguzo iko umbali gani. Kinachoharibu mandhari ya kubandika ndicho kinachotupatia umbo la jengo.

Zamani hesabu hizo zilihitaji kamera nzito na mafundi waliosomea. Mwaka 1981, Wamarekani wawili, Martin Fischler na Robert Bolles, walieleza njia ya kuitenga alama ya kweli na ya uongo. Kompyuta huchukua alama chache kwa bahati nasibu, hukisia jinsi picha zinavyokaa, kisha huhesabu ni alama ngapi nyingine zinazokubaliana na kisio hilo. Hurudia tena na tena. Kisio lenye mashahidi wengi hushika, na alama zinazopingana nalo hutupwa. Mwaka 2003, Matthew Brown na David Lowe wa Kanada walionyesha kwamba kompyuta inaweza kupewa rundo la picha za kawaida, zisizo na mpangilio wowote, nayo ikatambua yenyewe zipi ni za mahali pamoja na kuziunganisha.

Kwa kazi hiyo Kilwa ina neema na ina mitego. Ukuta wa mawe ya matumbawe umejaa vishimo na nyufa, na kila kimoja ni alama ya kushikia. Ukuta uliopakwa chokaa ukabaki mweupe hauna pa kushika. Bahari haifai kabisa, kwa kuwa mawimbi hayatulii. Na ndani ya Msikiti Mkuu nguzo zinafanana kama pacha, hata kompyuta huweza kuidhania ya tatu kuwa ni ya nne. Dawa yake ni moja: picha zilaliane kama makuti ya paa, kila moja ikishika zaidi ya nusu ya mwenziwe. Kuti lisilolaliwa na jingine huvujisha.

Mwaka 1981, uleule wa Fischler na Bolles, UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia. Tangu mwaka 2004 hadi 2014 yalikuwa pia katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mmomonyoko wa pwani ulikuwa miongoni mwa sababu. Mtaalamu Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, alituachia juzuu mbili zilizochapwa mwaka 1974, zenye ramani, michoro na picha. Baada ya mwaka 2000, wapimaji wa Chuo Kikuu cha Cape Town wakiongozwa na Heinz Rüther waliyapima magofu kwa leza na kwa picha. Hizo ni kazi za kushukuriwa. Lakini bahari haikungoja wapimaji warudi.

Hapo ndipo simu zetu zinapohusika. Wanafunzi wanakwenda Kilwa, watalii wanakwenda, wenyeji wako pale kila siku. Kwa bahati mbaya sote tunasimama mahali pamoja, mbele ya mlango ule ule, tukitabasamu. Picha mia zilizopigwa mahali pamoja, kwa kazi hii, ni sawa na picha moja. Shahidi wa pili ana faida kama alisimama upande wa pili.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukienda Kilwa, piga picha yako ya ukumbusho, ni haki yako. Kisha uzunguke ukuta mmoja hatua kwa hatua, hasa ule wa upande wa bahari, ukipiga picha zinazolaliana. Andika tarehe, na usizifute ukifika nyumbani. Wajerumani walijenga upya kwa sababu picha zilikuwapo kabla ya kubomoka. Ukuta ukishaanguka baharini, hata kompyuta bora haiwezi kuunganisha picha ambazo hazikupigwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.