Mtenga Rangi: Kazi Iliyohama Bila Kuagwa

Nembo ya shule iliyo bluu kwenye kioo cha kompyuta hutoka mashineni ikielekea zambarau, na anayelaumiwa ni mchapaji. Lawama hizo husikika popote faili inapotayarishwa mji mmoja na kuchapwa mwingine, kama vyeti na kalenda zinazosanifiwa Kibaha au Kisarawe kisha kupelekwa Dar es Salaam. Kwa maoni yangu, mara nyingi mchapaji huonewa. Kutenga rangi, yaani kuigawa picha katika wino nne za kuchapia, kulikuwa na fundi wake. Fundi huyo alipoondoka, kazi yake ilimwangukia anayetayarisha faili, naye hakuambiwa.

Zamani pengo kati ya anayetayarisha na anayechapa halikuwepo. Gazeti la Msimulizi lilianza kutolewa Kiungani, Zanzibar, mwaka 1888, likichapwa na wamisheni wa Kianglikana wa UMCA wenyewe. Katika uchapaji wa aina ile, aliyepanga herufi na aliyevuta mashine walifanya kazi karibu karibu, na wino ulikuwa mweusi. Ofseti ya rangi nne ndiyo iliyoleta mtaalamu wa katikati. Picha ilipigwa kupitia vichujio vyekundu, kijani na bluu ili kupata filamu za sayani, majenta na njano, kisha ikaongezwa ya nyeusi. Kila filamu ilizaa pleti yake, bamba la kuchapia. Mtenga rangi alijua kwamba wino si safi kama mwanga, na kwamba bluu yenye majenta nyingi hugeuka zambarau, hivyo akaipunguza kwa mkono wake. Programu ya Photoshop ilipotoka mwaka 1990 na nyingine zikafuata, hesabu hizo zilifichwa ndani ya amri moja ya kubadili RGB, rangi za mwanga wa kioo, kuwa CMYK, rangi nne za wino. Amri ilibaki, ila jicho lililoisimamia likaondoka.

Wapo wanaosema mashine za leo hubadili rangi zenyewe, kwa hiyo faili ya RGB inatosha. Kwa baadhi ya mashine za kidijiti ni kweli, na mchapaji anaweza hata kuipendelea. Lakini hata hapo ubadilishaji unafanyika, na anayeuachia mashine amekubali uamuzi ambao hakuuona. Chukua maandishi meusi: weusi wa RGB ukibadilishwa hivi hivi, huwa mchanganyiko wa wino zote nne. Pleti zikipishana kwa unywele tu, herufi ndogo za cheti huota kingo za rangi. Zingeandikwa kwa wino mweusi peke yake, zingekaa safi. Karatasi nayo ina neno lake. Kaolini, udongo mweupe kama ule wa Milima ya Pugu, Kisarawe, hutumiwa na viwanda vya karatasi kupaka uso wa karatasi ili isinywe wino kupita kiasi. Karatasi isiyopakwa hunywa wino na kufifisha rangi, kwa hiyo mpangilio mmoja wa faili hauwezi kuzifaa zote mbili.

Wengine watasema msanifu wa mji mdogo hana vifaa vya kupimia rangi. Ni kweli, ila sehemu kubwa ya kazi ya mtenga rangi haihitaji kifaa: kumuuliza mchapaji, kabla ya kuanza, anataka mfumo gani wa rangi na karatasi gani itatumika, kisha kudai nakala ya majaribio kwenye karatasi hiyohiyo. Kilichobaki ni mafunzo, na Kibaha ina mfano wake. Kituo kilichoanzishwa hapo mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordic, na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970, kiliweka shule, maktaba, afya na mafunzo ya wakulima pamoja, kwa imani kwamba ujuzi hukua ukikaa jirani na mwingine. Vyuo vinavyofundisha usanifu wa kompyuta vifuate njia hiyo: mwanafunzi asipewe cheti kabla hajasimama kando ya mashine na kuiona kazi yake ikitoka kwa wino.