Gurudumu Hudanganya: Historia Fupi ya Jicho la Roboti

Leo tuzungumzie swali dogo lenye historia ndefu: roboti inajuaje imetembea umbali gani sakafuni?

Njia ya zamani ni kuhesabu mizunguko ya gurudumu. Lakini mkulima yeyote wa hapa Moi's Bridge, palipoitwa Hoey's Bridge enzi za ukoloni, anaujua udhaifu wake. Msimu wa mvua trekta likinasa kwenye tope, magurudumu huzunguka nalo liko palepale. Ukihesabu mizunguko tu, utaapa kwamba limeshafika Kitale! Roboti ndogo kwenye sakafu yenye vumbi hupatwa na yayo hayo.

Dawa ni kuitazama sakafu yenyewe. Karibu na mwaka 1980, Richard Lyon wa Xerox na Steve Kirsch wa MIT, kila mmoja kivyake, walibuni mausi ya mwanga isiyo na kimpira. Tatizo ni kwamba ilihitaji kibao maalumu chenye alama. Ukiitoa hapo, ni kipofu.

Mageuzi yalikuja 1999, Microsoft ilipotoa IntelliMouse Explorer, yenye teknolojia iliyotoka Hewlett-Packard. Chini yake kulikuwa na taa nyekundu na kamera ndogo sana iliyopiga picha 1,500 kwa sekunde. Chipu hulinganisha kila picha na iliyotangulia. Mikwaruzo ya meza ikihama kwenye picha, chipu inajua mausi imesogea kiasi gani na upande gani. Mwandishi wa programu hupokea namba mbili tu: mbele na pembeni.

Hapo ndipo waundaji wa roboti walipochangamka. Lakini namba hizo mbili hazitoshi kueleza roboti imegeuka kiasi gani. Mwaka 2004 watafiti wa Politecnico di Milano, Italia, walieleza roboti yenye mausi mbili. Tofauti ya vipimo vyake ndiyo hutoa pembe. Mwaka huohuo, Spirit na Opportunity zilitua Mirihi. Magurudumu yalipoteleza mchangani, zilipima mwendo wake kwa kulinganisha picha za kamera.

Sharti moja: lenzi ya mausi lazima ikae milimita chache tu juu ya sakafu. Roboti ikirukaruka, picha hufifia. Basi usitupe hesabu ya magurudumu. Zitumie zote mbili, moja imsahihishe mwenzake.

Wewe mwanafunzi usiye na pesa za vifaa vya maabara, tafuta mausi mbili kuukuu. Somo lililofika hadi Mirihi unaweza kulianzia hapo mezani pako.