Timazi Lililosukumwa: Vipira Vyenye Chaji na Unyevu wa Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Fundi mwashi wa Malindi akitaka kujua kama ukuta wake umesimama wima, huning'iniza timazi na kungoja litulie. Uzi ukitulia, humwonyesha uelekeo wa uzito, naye hana haja ya kingine. Swali la vipira viwili vyenye chaji vinavyoning'inia kwenye nyuzi, ambalo kila mwanafunzi wa umeme tuli hukutana nalo, ni swali la matimazi mawili yanayosukumana. Ila darasani hushikwa kwa mkia: mwanafunzi hukimbilia kanuni ya Coulomb, akajaza namba, kisha akakwama kwa kuwa chaji ndiyo anayoitafuta. Makala hii inadai kwamba swali hili lianzie kwenye uzito. Tena, mtu akianzia hapo, unyevu wa Pwani unaolaumiwa kwa kuharibu jaribio hugeuka kuwa kitu cha kupimwa.

Uzito ndio mizani

Chukua vipira viwili vyepesi, kila kimoja gramu 0.1, vimefungwa kwa nyuzi za sentimita 50 kwenye msumari mmoja. Vikipewa chaji za aina moja huachana, na tuseme vimetulia vituo vyake vikiwa umbali wa sentimita 6. Kila kipira kinakabiliwa na kani tatu: uzito unakishusha, kipira mwenzake kinakisukuma kando, na uzi unakivuta kuelekea msumarini. Kwa kuwa kimetulia, jumla ya kani hizo ni sifuri. Basi uzi una kazi mbili: sehemu ya wima ya mvutano wake inabeba uzito, na sehemu ya mlalo inazuia msukumo. Kwa hiyo msukumo ni sawa na uzito mara tanjenti ya pembe kati ya uzi na wima.

Mpaka hapa Coulomb hajaitwa. Uzito wa kipira ni nyutoni 0.00098. Kimesogea sentimita 3 kutoka wima kwa uzi wa sentimita 50, hivyo tanjenti ni karibu 0.06, na msukumo ni karibu nyutoni 0.000059. Sasa ndipo kanuni ya Coulomb inapofaa: zidisha msukumo kwa mraba wa umbali, gawanya kwa 9×10⁹, nawe unapata zao la chaji mbili. Kama ni sawa, kila kipira kina takriban nanokoulombi 4.9.

Utaratibu huu unafichua kosa lililozoeleka. Kipira kimoja kikiwa na chaji mara tatu ya mwenzake, kipi kitasogea zaidi? Wengi hujibu kwamba chenye chaji ndogo ndicho kitakachosukumwa mbali. Sivyo. Kanuni ya tatu ya Newton inataka kila kimoja kimsukume mwenzake kwa kani ileile. Uzito ukiwa sawa, pembe ni sawa. Pembe zikitofautiana, zinatuambia kipi ni chepesi, si kipi kina chaji nyingi. Mgawanyo wa chaji hauonekani kwenye pembe hata kidogo. Kinachoonekana ni zao la chaji hizo tu.

Chaji inayovuja

Msomaji anayefundisha Kilifi anaweza kupinga kwamba hayo ni ya karatasini: wakati wa masika, mwezi wa Mei, vipira hurudiana kabla rula haijafika. Ni kweli, lakini tatizo hilo halikuanzia Pwani. Mwaka 1785 Charles-Augustin de Coulomb alitangaza kanuni ya msukumo jijini Paris, na mwaka huohuo akaandika tasnifu nyingine nzima kuhusu jinsi chaji inavyopotea kwenye hewa yenye unyevu na kupitia vishikilizi. Alikuta kwamba kasi ya kupotea inalingana na chaji iliyobaki.

Leo tunajua kwamba njia kuu ya uvujaji huo kwa kawaida si hewa yenyewe bali utando mwembamba wa maji juu ya uzi. Chumvi inayoletwa na upepo wa bahari hunyonya unyevu na kuuongezea utando huo uwezo wa kupitisha umeme. Ndiyo maana mshipi wa nailoni wa kuvulia, ukioshwa kwa maji yasiyo na chumvi na kukaushwa vizuri, hutunza chaji kuliko uzi wa pamba.

Hesabu yetu inatoa kipimo cha uvujaji huo. Pembe zikiwa ndogo, tanjenti hulingana na umbali. Na kwa kuwa kanuni ya Coulomb ina mraba wa umbali, zao la chaji hulingana na umbali kwa kipeo cha tatu. Umbali ukishuka kutoka sentimita 6 hadi 3, zao limebaki thumuni, na kila kipira kimebaki na takriban asilimia 35 ya chaji yake. Tena, ikiwa Coulomb alisema kweli, vipindi vilivyo sawa vitapunguza umbali kwa uwiano uleule: dakika tano zikiutoa kwenye 6 hadi 5, tano zinazofuata zitaufikisha karibu 4.2. Darasa linaweza kulijaribu dai hilo kwa rula na saa, wakati wa kaskazi na wakati wa masika, mradi vipira visikaribiane mno, maana hapo chaji hujipanga upya juu yake na haviwezi tena kuchukuliwa kama nukta.

Hitimisho

Basi swali na lifungwe hivi: vipira vilikuwa umbali wa sentimita 6, na baada ya dakika kumi umbali ni 4, kila kimoja kimebaki na sehemu gani ya chaji yake? Aliyekariri fomula atauliza uzito ni gramu ngapi. Aliyeanzia kwenye uzito atagundua kwamba katika uwiano huu uzito, pamoja na urefu wa uzi, unajifuta, na atajibu: takriban asilimia 54.